Zamu ya Mzee Yiamat

Jumatano ile Naipanoi alifunga maji ya mtu mchana kweupe, jua linawaka, na mwenye maji yuko shambani na jembe mkononi. Katika vijiji vya juu ya Ngaramtoni, kwenye mifereji inayoshuka kutoka msitu wa Meru, unaweza kumtukana mwenzako na mkayamaliza jioni hiyo hiyo. Unaweza hata kugombania naye mpaka wa shamba na bado mkakaa benchi moja kanisani. Lakini maji ya zamu ya mtu hayaguswi. Zamu huanza ng'ombe wakikamuliwa asubuhi na kwisha wakikamuliwa jioni, na kwa muda wote huo mfereji mzima ni mali ya mtu mmoja.

Siku hiyo mtu huyo alikuwa Mzee Yiamat. Maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua, na hapo ndipo maharage yanapodai maji kama mtoto anavyodai ziwa. Alikuwa kwenye tuta la tatu maji yalipopungua, yakawa uzi, kisha yakakatika kabisa. Akadhani ni majani yameziba. Akasubiri. Halafu akaweka jembe begani na kuanza kupanda kwenda banioni, mwendo wa nusu saa kwa kijana, na yeye alishavuka sabini.

Alimkuta Naipanoi ameketi juu ya ubao wa banio, daftari mapajani.

Banio ndipo mfereji unapouacha mto. Ukiinua ubao, maji yanaingia mferejini. Ukiushusha, yanaendelea na mto wake. Mlinzi wa banio mwaka huo, aliyechaguliwa na kamati, alikuwa Elihuruma, mume wa Naipanoi. Lakini Elihuruma ni fundi wa kupiga plasta, na tangu Januari alikuwa na kazi ya nyumba ya ghorofa huko Sekei, anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Kazi ya banio alimwachia mkewe. Kamati haikuwahi kukaa kulijadili hilo. Kila mtu alilijua, wengine wakalisema.

"Shikamoo, baba," Naipanoi akasema, akainamisha kichwa ili mzee amguse utosini, kama ilivyo desturi.

Mzee Yiamat hakumgusa. Alimwacha ameinama vilevile, akaongea na ubao.

"Nani amefunga?"

"Ni mimi, baba."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Na Jumatano ni ya nani?"

"Ni yako."

Ilibidi Naipanoi ainue kichwa mwenyewe, na aibu ya kuinua kichwa ambacho hakijaguswa aliisikia mpaka masikioni. Akaonyesha mlima. Nyuma ya kilele mawingu yalikuwa yamesimama, si lile wingu moja moja la kila mchana, bali mengi yaliyoungana yakawa kitu kimoja, tumbo jeusi na kichwa cheupe kilicholala bapa.

"Lile likimwagika msituni, mto utajaa ghafla," alisema. "Mfereji ukiwa wazi, maji yatashuka nao mpaka mashambani. Mwaka jana si uliona."

"Hapa kuna jua."

"Mwaka jana pia hapa kulikuwa na jua, baba."

Mtu akisahihishwa na mwanamke wa umri wa binti yake hasira humpanda maradufu. Akatua jembe, akakaa kwenye jiwe. "Haya," akasema. "Tuingoje hiyo mvua yako."

Wakaingoja. Radi zilisikika kwa mbali, zikasogea, zikapita nyuma ya mlima. Kufika saa kumi na moja wingu lilikuwa limejimwaga lote upande wa Usa, ng'ambo ya mlima, na kule magari yalikwama kwenye tope hadi magurudumu yakazama. Huku mto haukupanda hata kidole kimoja. Ng'ombe wakaanza kulia kwa ajili ya kukamuliwa, na zamu ya Mzee Yiamat ikawa imekwisha.

Akainuka, akajipangusa suruali.

"Mwizi wa maji wa usiku nimeshamwona," akasema. "Wa mchana, anayekaa juu ya maji aliyoiba na kuandika, huyu ndiye wa kwanza."

*

Elihuruma hakungoja mwisho wa wiki. Alirudi Alhamisi jioni na vumbi la saruji kwenye nyusi, kwa sababu alikuwa amepigiwa simu na watu wanne na hakuna hata mmoja aliyeanza kwa salamu. Naipanoi alimpa loshoro kwenye kibuyu, mahindi ya kupondwa na maziwa mgando, chakula anachokipenda kuliko vyote. Akala kwanza. Ni mtu mwenye busara ya kula kwanza.

"Mama Lucky, hebu niambie taratibu. Uliona wingu."

"Niliona."

"Ukafunga."

"Nikafunga."

"Likanyesha Usa."

"Likanyesha Usa."

Elihuruma alicheka bila kutaka, akajifuta mdomo, akaacha kucheka. Wote wawili waliijua adhabu. Anayeiba zamu hutoa kondoo dume, na zamu zake tatu zinazofuata hupewa aliyeibiwa. Kondoo dume wao walikuwa naye. Zamu tatu ni wiki tatu, na wiki tatu ndizo zilizobaki kabla ya kung'oa karoti. Fedha ya nusu eka ile ya karoti ilikuwa na jina tayari: ilikuwa ni mtamba wa maziwa, mwenye mimba, mwekundu, aliyefungwa kwa mfugaji mmoja pale Ngaramtoni. Naipanoi alishakwenda kumwona mara mbili na mara ya pili alimpelekea majani ya migomba.

"Bila maji wiki tatu hizi zitabaki kama kucha," Elihuruma akasema. "Nani atanunua kucha?" Akafikiri. "Sikiliza. Nitasema mimi ndiye niliyekupigia simu nikakuagiza ufunge. Mimi ndiye mlinzi. Nitaomba radhi, watapunguza."

"Utaomba radhi kwa kosa gani?"

"La kufunga."

"Kufunga si kosa."

"Mama Lucky, mvua haikunyesha."

"Nilikosea mahali itakaponyesha. Kufunga sikukosea. Ukisema ulikosea kufunga, siku lile wingu likirudi hakuna atakayethubutu kugusa ubao, hata wewe."

Elihuruma alimtazama mkewe. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na alijua kwamba kwa uongo mdogo tu angeweza kuokoa nusu ya karoti. Alijua pia kwamba mwanamke huyu hakuwahi kumdanganya, na kwamba tangu waoane raha yake kubwa ilikuwa hiyo. "Basi Jumapili sema mwenyewe," akasema. "Mimi nitakaa karibu."

*

Kamati ilikaa baada ya ibada, kwenye baraza la kituo cha kukusanyia maziwa, madebe yamepinduliwa yawe viti. Mwenyekiti alikuwa Ephraimu, mwalimu mstaafu ambaye bado alinyooshea watu kidole kuwaruhusu waseme. Alikuwepo pia bibi shamba, Twahira, msichana mwembamba wa hijabu aliyezaliwa Themi, mwenye pikipiki ya ofisi na viatu vya mvua vya manjano. Miaka mitatu nyuma ndiye aliyesimika kipimo cha mvua kwenye ua wa Naipanoi na kumfundisha kukisoma kila saa tatu asubuhi. Naipanoi alimwita makusudi. Alitaka shahidi.

Ephraimu alimnyooshea kidole Naipanoi. Naye akafungua daftari.

"Machi ya mwaka juzi mvua ilinyesha siku kumi na mbili. Jumla ni milimita mia moja na thelathini. Machi ya mwaka jana ilinyesha siku tano tu. Jumla ni mia moja na kumi na nane." Akaharakisha, maana wazee walikuwa wanatazama viatu vyao. "Maji ni karibu yale yale. Lakini themanini kati ya hizo zilishuka alasiri moja, kabla ugali haujaiva. Zamani ukifungua mfereji ukaenda nyumbani, mvua ilikuja polepole, ukapata nafasi ya kurudi. Sasa inakuja yote kwa mara moja."

"Mimi sikunyeshewa na daftari," alisema Mzee Yiamat.

Watu wakacheka. Hata Elihuruma alicheka kidogo, akajikohoza. Naipanoi alihisi uso unamwaka, akamgeukia Twahira kwa macho ya kuomba.

Twahira akasimama. "Hewa ikipata joto zaidi, hubeba mvuke mwingi zaidi," alisema. "Mawingu ya radi yakiungana yakawa kundi moja kubwa, siku yakimwaga yanamwaga kwa nguvu. Ndiyo maana wataalamu wanasema mvua za namna hii huenda zikawa kubwa kuliko tulizozizoea, na siku za ukavu katikati yake zikawa nyingi zaidi."

"Huenda," Mzee Yiamat akasema.

"Ndiyo, mzee. Huenda."

"Na zitanyesha wapi? Huku au Usa?"

"Hilo siwezi kukuambia. Kwa mlima mmoja kama huu hakuna anayejua. Hata kiasi zitakachoongezeka, wataalamu wenyewe bado wanabishana."

Naipanoi alitamani kumfinya. Alikuwa ameita shahidi, akaletewa mtu mkweli.

Ephraimu hakuchukua muda. Alisema kwamba kanuni ya mfereji ni kubwa kuliko wingu na kuliko urafiki, na kwamba kila mtu akifunga maji ya mwenzake kwa sababu ya kuogopa, hakutakuwa na mfereji. Kondoo atolewe. Zamu zao tatu za Jumamosi ziende kwa Mzee Yiamat, kuanzia Jumamosi ijayo. Naipanoi ataendelea kukaa banioni hadi kazi ya Sekei iishe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kukaa huko, ila hatagusa ubao bila neno la mwenye zamu.

"Ukiugusa tena," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma kidogo, "nyumba yenu itatoka kwenye mfereji. Moja kwa moja."

Njiani Elihuruma alimshika mkewe mkono, jambo ambalo wanaume wa huku hawalifanyi barabarani, na watoto wawili waliokuwa wanachunga mbuzi wakawatazama hadi walipokata kona.

*

Jumamosi asubuhi Naipanoi aliinua ubao kwa mikono yake, maji yake mwenyewe yakapita pembeni ya karoti zake kwenda kwa Mzee Yiamat. Majani ya karoti yalikuwa yamelala. Elihuruma alikuwa amempeleka kondoo kwa mwenyekiti, akimvuta kwa kamba huku kila anayekutana naye akimuuliza anakompeleka, hali anajua.

Saa saba mawingu yakaanza kuungana.

Naipanoi aliyatazama kwa muda mrefu kuliko siku ile nyingine. Yalikuwa yamesimama mahali pale pale, tumbo jeusi vilevile. Alitazama ubao. Ungeshuka kwa dakika mbili. Halafu akafikiria mfereji, babu yake Elihuruma alivyouchimba na wenzake, na nyumba yao, ambayo ikitolewa ndiyo mwisho wa kila kitu. Akakunja gauni, akakimbia kushuka.

Mzee Yiamat alimwona kwa mbali anavyokuja, akasimamisha jembe. Kwenye shamba lake jua lilikuwa kali, maji yanatembea katikati ya matuta kwa utulivu, na nusu ya maharage ilikuwa bado haijafikiwa.

"Umekuja kuniomba ufunge."

"Ndiyo, baba."

"Unajua itanyesha kwetu?"

"Sijui."

Mzee akamkazia macho. "Jumatano ile ulijua."

"Jumatano nilifanya kama najua, na nikakosea. Leo sijui." Pumzi zilikuwa bado zinamkimbia. "Inaweza kwenda Usa tena. Lakini nikingoja mpaka nijue, baba, maji yatakuwa yameshafika hapa uliposimama."

Mzee Yiamat alitazama matuta ambayo hayajanywa. Alikuwa mtu mkaidi, lakini hakuwa mjinga, na alikuwa ameona mwaka jana udongo wa jirani yake ukishuka hadi barabara kuu ya Nairobi. Wiki nzima watu walikuwa wamemsifu kwa lile neno lake la daftari. Sifa zile zilimpendeza siku mbili tu. Siku ya tatu alianza kuona kwamba yeye ndiye atakayeulizwa mfereji ukibeba mashamba.

"Twende nikaone mwenyewe," akasema.

Walipanda. Mzee alipumzika mara mbili, na mara zote mbili Naipanoi alisimama kando yake akiuma midomo, kwa sababu miguu yake ingeweza kufika banioni na kurudi wakati mzee anavuta pumzi. Hakwenda. Radi ilipiga juu msituni, ikapiga tena kabla ya ile ya kwanza kuisha. Juu yao anga lilikuwa la buluu.

Walipofika, mto ulikuwa umebadilika rangi. Asubuhi ulikuwa unaonyesha mawe ya chini. Sasa ulikuwa kama chai ya maziwa, na juu yake yalielea majani mabichi na vijiti vilivyokatika karibuni. Harufu ya udongo uliolowa ilikuja na upepo. Mzee Yiamat alikuwa amekulia kando ya mto huo na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

"Funga," akasema.

Naipanoi alisukuma ubao. Ulishuka nusu, ukagoma. Matope yalikuwa yamejaa kwenye mfuo wake. Akaukanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili. Mto ulianza kutoa sauti ambayo si ya maji, bali ya mawe yanayogongana chini. Mzee akatupa jembe, akapanda juu ya ubao, wakasimama wawili hapo wameshikana mabega ili wasianguke, mzee wa miaka sabini na ushee na mke wa jirani, wakiruka kwa pamoja. Kama kamati ingewaona ingeketi tena. Ubao ukazama kwa mara moja, nao nusura wazame nao.

Walikuwa wameshafika juu kwenye ukingo maji yalipokuja. Yalikuja yamebeba gogo zima na mizizi yake. Yaligonga ubao, yakapanda, yakautafuta mfereji, yakaukosa, yakageuka kwa hasira kufuata mto. Daraja la miti linalotumiwa na watoto wa shule liliondoka, na litawapa watu kazi ya wiki mbili. Mferejini ulipita unyevu tu, wa kulowesha mchanga.

Kule chini kijijini, wanawake walioanika mahindi hawakuyaanua. Hakukunyesha hata tone.

Walikaa kwenye nyasi, matope yamewafika mapajani. Mzee Yiamat alikuwa bado anahema mto ulipoanza kushusha sauti.

"Leo zamu ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, baba."

"Na aliyefunga ni nani?"

"Tumefunga wote wawili."

"Mimi mzito zaidi. Nimefunga mimi." Akafikiri, uso mkavu kabisa. "Basi nimejiibia maji. Itabidi nimwambie Ephraimu. Nitamtoa kondoo zizini kwangu, nimzungushe nyumba, nimrudishe zizini kwangu."

Naipanoi alicheka mpaka akashika tumbo. Alicheka kwa ajili ya kondoo, na kwa ajili ya wiki nzima ya kutazamwa, na mzee akamwacha acheke.

"Hizo zamu zako mbili zilizobaki sizitaki," mzee akaendelea. "Maharage yangu hayawezi kunywa kiasi hicho. Jumamosi ijayo mwagilia karoti zako. Kamati nitaongea nayo mimi."

"Ahsante, baba."

"Usinishukuru, sijamaliza. Jumatano ni siku yangu."

"Ndiyo."

"Ukiliona lile wingu, usishuke kuja kuniuliza. Mimi napanda polepole."

Naipanoi alimgeukia. "Na likienda kunyesha Usa?"

"Linyeshe Usa. Maharage yangu yatavumilia wiki moja, na mimi nitakutukana, kwa sababu ni haki yangu." Akanyoosha mkono atafutiwe jembe lake. "Lakini wewe funga."

Naipanoi alifurahi kiasi cha kuogopa kwamba akifungua mdomo atalia mbele ya mzee. Kwa hiyo aliitikia kwa kichwa tu. Akaenda kuliokota jembe kwenye matope, akalibeba yeye begani, wakaanza kushuka taratibu kwenye jua, mzee mbele.